Nadharia Tatu za Uji wa Bi Semeni

Waheshimiwa wasomaji, mlioketi na mliosimama, itifaki imezingatiwa. Mimi ndiye Mshereheshaji Mkuu wa Serikali. Nikisema "tusimame" mawaziri wanasimama, nikisema "tukae" wanakaa, na katikati ya kusimama na kukaa huko nimeona mambo mengi. Jina la nchi yetu sitalitaja, maana wanaolitaja bila kibali huitwa kujibu maswali. Inatosha mjue kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina mimi.

Nchi yetu ilikuwa na tatizo moja kubwa: watu walikuwa wanauza vitu bila nadharia. Mtu anaamka, anakaanga mihogo yake, anauza, anarudi nyumbani kulala, wala hajui anafuata mkondo gani wa fikra! Mheshimiwa Rais aligundua aibu hii akiwa ziarani ng'ambo, akasikitika sana, akarudi na hotuba. "Ndugu wananchi," alisema, nami pembeni nimemshikia maikrofoni, "taifa linalouza karanga bila kujua kwa nini linauza karanga ni taifa lililolala." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Siku hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Ujasiriamali na Nadharia Mbadala, na chini ya Wizara ikaundwa Taasisi.

Taasisi ilihitaji jengo. Kwa bahati njema palikuwa na jengo jipya kabisa mkabala na Hospitali Kuu, ng'ambo ya barabara, lililojengwa liwe wodi ya wagonjwa wa figo. Waziri alisema kwa kuwa halijapokea mgonjwa hata mmoja, halijazoea ugonjwa, hivyo litazoea nadharia upesi. Mashine za kusafisha damu zikafunikwa vitambaa vya meza, juu yake yakawekwa maua. Chumba cha upasuaji kikawa ukumbi wa semina. Mlangoni bado palikuwa na maandishi "Vua viatu, osha mikono", na maprofesa wetu ni watu watiifu, kwa hiyo walivua na kuosha kila siku kabla ya kuanza kubishana.

Nimetaja figo kwa sababu mke wangu Mwajabu alikuwa mgonjwa wa figo. Alilazwa upande huu wa barabara, wodi ya zamani, kitanda cha dirishani, na kutoka pale aliliona vizuri jengo lililokuwa liwe lake. Hakulalamika. Aliniambia tu, "Baba Shani, wameipaka rangi nzuri." Mimi nilimjibu kwamba ni rangi ya taifa, tukaishia hapo.

Sasa niwaletee mgeni wetu rasmi. Getini pa Hospitali Kuu, penye kivuli cha ukuta, alikuwa akikaa mama mmoja anaitwa Bi Semeni. Alikuwa anauza uji wa ulezi. Jiko la mkaa, sufuria moja pana, vikombe vya bati, na vigoda viwili. Uji wake ulikuwa mzito kiasi, una tangawizi, na wauguzi waliotoka zamu walikuwa wanaunywa kabla hata hawajavua sare. Hayo ni ya kawaida, hata kwenu yapo.

Lakini palikuwa na jambo moja. Nyote mnamjua mtu anayetoka hospitalini bila mgonjwa wake. Huhitaji kumuuliza. Amekumbatia kanga zilizokunjwa, beseni la plastiki limo kwapani, chupa ya chai inaning'inia mkononi, na anatazama barabara kama vile hajawahi kuiona. Bi Semeni akimwona mtu wa namna hiyo anaacha wateja wake wote, hata awe mganga mkuu amesimama pale. Anamshika mkono, anamkalisha kwenye kigoda, anamtia kikombe viganjani, anamwambia maneno mawili: "Kunywa kwanza." Hasemi pole. Haulizi ni nani aliyefariki. Pole inakuja kikombe kikiisha. Na malipo hapokei, ukimlazimisha anakasirika kweli.

Mji mzima ulijua. Ukisikia mtu kwetu anaambiwa "fulani jana kanywa kwa Semeni", basi unavaa kanzu yako unakwenda msibani, hakuna haja ya maelezo zaidi.

Mwajabu mwenyewe aliwahi kunywa pale, siku mama yake alipofariki. "Nilitoka getini sioni mbele," alikuwa akinisimulia. "Bila yule mama ningeingia chini ya lori. Wewe ulikuwa wapi vile?" Nilikuwa uwanjani, nasherehesha uzinduzi wa mnara wa saa. Na kaka yangu alipofariki nilikuwa nasherehesha mashindano ya kwaya, nikaendelea mpaka mshindi akatangazwa. Ndivyo kazi ilivyo, jamani, msinitazame hivyo.

Siku moja Mwajabu alinishika mkono akasema, "Nina hofu moja tu, Baba Shani. Wewe unawaambia watu wakae, mwenyewe hukai. Siku yangu ikifika utatoka hapa umenyooka, moja kwa moja mpaka kwenye maikrofoni. Nataka upite kwa Semeni. Ukae. Unywe. Niahidi."

"Acha maneno hayo," nikamwambia. "Wewe utapona."

"Niahidi, wewe mzee!"

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa, maana Bi Semeni alikuwa palepale chini, moshi wa jiko lake ulikuwa unaingia dirishani.

Balaa lilianza pale wanazuoni wa Taasisi walipochoka kutazama vitabu wakatazama nje. Wakamwona Bi Semeni. Mjasiriamali halisi, aliye hai, ng'ambo tu ya barabara! Walikumbatiana. Sampuli yenyewe imejileta.

Wanazuoni wetu walikuwa makundi matatu. Kundi la kwanza ni Nadharia ya Damu, chini ya Profesa Rwehikiza, mtu mwenye sauti nzito na suspenda nyekundu za kushikilia suruali mabegani. Yeye alifundisha kwamba mjasiriamali huzaliwa. Damu ya biashara anayo moyoni tangu tumboni mwa mama yake, na asiyezaliwa nayo hata umpe duka zima atalifunga. Profesa akamwita Bi Semeni Taasisini, akampima mapigo ya moyo, urefu wa vidole na ukubwa wa masikio.

"Bi Semeni," akamuuliza, "je, unapenda kuthubutu?"

"Napenda nirudi getini, baba. Nimeacha sufuria na muuguzi, na leo wodi ya watoto hali si nzuri."

"Andika," Profesa akamwambia msaidizi wake. "Ana kiu ya mafanikio."

Tatizo lao lilikuwa kile kikombe cha bure. Damu ya mjasiriamali haitoi bure, ndivyo nadharia ilivyosema. Basi walibishana juma zima, mwisho wakakubaliana kwamba Bi Semeni ni mjasiriamali siku nzima, isipokuwa dakika zile anapompa mfiwa uji, ambapo anapata kifafa kidogo cha roho.

Kundi la pili ni Nadharia ya Mahali, chini ya Daktari Nsolezi, mwembamba, mpole, hajawahi kumaliza sentensi bila kusema "muktadha". Yeye alisema Bi Semeni si kitu. Mjasiriamali ni geti! Weka mtu yeyote pale, weka hata ndoo, biashara itakwenda, kwa sababu muktadha ndio unaouza.

Walizozana mpaka wakakunjana mashati, na Waziri akanituma nikaseme "tukae". Ndipo likatokea jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Taasisi: makundi mawili yalikubaliana. Wafanye jaribio. Bi Semeni aondolewe getini apelekwe Uwanja wa Gwaride la Zamani, mbali kabisa na mji, ambako hapiti mtu wala mbuzi. Akiuza, basi damu imeshinda. Na getini awekwe mtu mwingine, asiye na damu yoyote ya biashara. Akiuza, basi mahali pameshinda. Walimtafuta mtu asiye na damu ya biashara nchi nzima, wakampata humohumo Taasisini, mhadhiri msaidizi mmoja mwenye miwani.

Nilikuwepo gari la Wizara lilipomjia Bi Semeni. Alishika mwiko wake kifuani. "Sasa nyie wanangu," akasema, "mnanipeleka huko kwa nani? Na hawa wakitoka nani atawakalisha?"

"Mama, ni kwa ajili ya maarifa," Daktari Nsolezi akamjibu kwa upole. "Muktadha utawakalisha."

Wakampakia yeye na jiko lake. Jiko lilikuwa bado lina moto.

Mwajabu aliniuliza siku ileile mbona hasikii moshi. Nikamweleza. Akasema, "Mrudisheni." Alisema "mrudisheni" kana kwamba mimi ndiye Serikali. Nilimweleza kwamba jaribio ni la muda tu. Kesho yake akauliza tena, "Semeni karudi?" Na kesho kutwa yake. Uso wake ulikuwa umevimba sasa, sauti imekuwa ndogo, lakini swali hilo halikumpotea.

Getini mhadhiri msaidizi alijitahidi, sitamsingizia. Alivaa aproni yenye nembo ya Taasisi. Aliuza uji wa pakiti. Nilishuhudia baba mmoja akitoka na kanga zimekunjwa, kibegi cha kitoto juu yake, viatu vidogo vimefungwa pamoja kwa kamba. Akasimama palepale tunapopajua sote. Alisimama akisubiri mkono wa mtu.

"Karibu, mteja wetu," mhadhiri akamwambia. "Kikombe kikubwa au kidogo?"

Yule baba akamtazama. Akatazama kigoda, ambacho kilikuwa kimewekewa makabrasha. Akaondoka akitembea katikati ya barabara, magari yakimpigia honi. Mhadhiri akaandika: mteja hajafanya uamuzi. Mimi nilitaka kumkimbilia yule baba, haki ya Mungu nilitaka, lakini simu ya Wizara ikaita na nikaipokea nimesimama wima.

Kule uwanjani Bi Semeni alikuwa anapika kila asubuhi, anakaa na sufuria yake, jioni anamwaga. Profesa Rwehikiza alisema damu inakusanya nguvu. Siku moja Bi Semeni alitoroka, akawa anatembea kuja mjini na mwiko mkononi. Alirudishwa kwa heshima zote, kwa ving'ora.

Basi ukafika wakati wa Kongamano Kuu la Nadharia Mbadala, kwenye chumba cha upasuaji, wageni kutoka nchi za jirani, maji ya chupa kila meza, na mimi kwenye maikrofoni. Mwajabu aliniambia asubuhi ile, "Leo utakuwa na Waziri. Muombe." Nikasema nitamuomba. Akanishika kola akaninyoosha tai akiwa amelala, akasema, "Nenda. Usikae huko kutwa nzima."

Profesa Rwehikiza alihutubia kuhusu Damu. Daktari Nsolezi akahutubia kuhusu Mahali. Kisha akapanda bibi mmoja mtaalamu, Daktari Ketura, kiongozi wa kundi la tatu, ambalo lilikuwa changa na lenye kiburi zaidi. Hilo ni Nadharia ya Masimulizi. "Ndugu zangu," akasema, "mnagombania kivuli. Mjasiriamali hayupo! Mjasiriamali ni hadithi tunayosimuliana. Bi Semeni hakuwahi kuwepo getini. Kilichokuwepo ni watu kusema yupo." Ukumbi ulishusha pumzi. Mgeni mmoja alilia kwa furaha ya kielimu.

Mheshimiwa Waziri akasimama kufunga mjadala. Waziri wetu ni mtu wa umoja, hapendi mtu anune. "Serikali yenu sikivu," akasema, "imesikiliza nadharia zote tatu na imeamua kuzikubali zote tatu, ili kulinda mshikamano wa kitaifa." Makofi! "Kwa kuwa ujasiriamali umo katika damu ya Bi Semeni, damu hiyo ni rasilimali ya taifa, na haiwezi kuachwa ichomwe na jua barabarani. Atahifadhiwa humu Taasisini, nyuma ya kioo. Kwa kuwa ujasiriamali umo katika mahali, mahali pale patazungushiwa uzio, mtu asipachakaze. Na kwa kuwa mjasiriamali ni masimulizi, redio ya taifa itamsimulia kila asubuhi baada ya taarifa ya habari." Makofi, vigelegele, watu wamesimama bila hata mimi kuwaambia!

Mimi nilikuwa na maikrofoni mkononi. Nikasema, "Mheshimiwa Waziri, kabla hatujaenda kwenye chakula, kuna swali dogo kutoka kwa mwananchi mmoja. Uji wenyewe sasa atatoa nani? Wale wanaotoka na kanga mkononi, atawakalisha nani?"

Maprofesa walitazamana, kila mmoja akatafuta swali lile limo katika nadharia ya nani. Waziri akatabasamu. "Swali zuri sana," akasema. "Nawashukuru wananchi kwa kuonyesha mwamko. Litaingizwa katika awamu ijayo ya utafiti." Wakapiga makofi tena, nami nikapigiwa makofi kwa kuuliza, kisha nikatangaza chakula. Walikuwa wamepika pilau.

Niliporudi wodini Mwajabu hakuniuliza nimeomba au sikuomba. Alinisoma usoni. Akasema, "Haya," akageukia dirishani.

Mambo ya Serikali yakitaka kwenda haraka yanakwenda haraka. Uzio ukasimama. Getini, pale penyewe, wakajenga sanamu ya saruji iliyopakwa rangi ya dhahabu: mama ananyoosha mkono, ameshika kikombe. Kikombe cha saruji, na mvua zikinyesha kinajaa maji, kunguru wanakunywa. Ng'ambo ya barabara, ghorofa ya kwanza ya Taasisi, wakaweka kioo kikubwa, nyuma yake Bi Semeni halisi na jiko lake, akipika uji mbele ya watu wenye kalamu. Kutoka alihitaji kibali chenye sahihi za makundi yote matatu, na kundi la Masimulizi lilikataa kutia sahihi kwa ajili ya mtu asiyekuwepo.

Mwajabu alifariki asubuhi moja, redio ya wodini ikimsimulia Bi Semeni kuwa ni nguzo ya uchumi. Muuguzi aliizima. Mimi nilisimama pembeni ya kitanda nimenyooka, mikono ubavuni. Sikujua kusimama kwa namna nyingine. Nilikuwa nampenda yule mwanamke, jamani, nilimpenda miaka yote, na sijui kama niliwahi kukaa naye mchana mmoja mzima.

Wakanipa vitu vyake. Kanga mbili, nikazikunja. Beseni. Chupa ya chai, bado imo chai ya jana. Nikatoka.

Nilifika getini miguu ikaenda yenyewe pale inapopajua. Uzio. Nikashika vyuma. Mlinzi akaja, kijana wa watu, hana kosa. "Mzee wangu, hapa haparuhusiwi kusimama," akasema. "Ni mahali." Nikamuuliza kama naweza kukaa. Akafikiri, akasema maelekezo aliyopewa hayasemi chochote kuhusu kukaa.

Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo, Bi Semeni alikuwa amesimama na mwiko. Alikuwa ananitazama. Alitazama kanga, akatazama beseni. Akaweka mwiko chini. Wale wenye kalamu wakasogea. Akachota kikombe, akakifuta pembeni kwa upindo wa kanga yake kama alivyokuwa akifanya siku zote, akaja nacho mpaka kwenye kioo, akanyoosha mkono mpaka bati likagonga kioo. Akagonga tena. Sikusikia kitu, magari yalikuwa mengi, lakini niliona mdomo wake. Maneno mawili.

Nimesimama katika sherehe zote za nchi hii. Siku ile nilikataa kusimama. Nikakaa chini palepale ukingoni mwa barabara, na suti yangu ya Serikali, beseni pembeni, kanga mapajani. Nikainua mikono miwili kana kwamba imeshika kikombe. Yeye kule akakiinamisha kikombe chake taratibu, kama unavyomnywesha mgonjwa, na uji ukateremka kwenye kioo. Nikanywa. Nikameza kila alipoinamisha, mpaka kikaisha. Kilipoisha akaweka kiganja kwenye kioo, akasema neno moja, nami nikaliona: pole. Hapo ndipo nikalia, kwa sauti, barabarani, mtu mzima na tai.

Ninaambiwa tukio lile limezaa nadharia ya nne, ujasiriamali usio na bidhaa wala mteja, na profesa mmoja amepandishwa cheo kwa ajili yake. Kabla sijainuka alinijia msichana mwenye dodoso, akaniuliza kama nimeridhika na huduma. Nikamwambia aniache kidogo, bado nimekaa.

Sasa nasherehesha tena, kazi ni kazi. Ila kabla ya kuwaambia watu wasimame, huwa nasema kimoyomoyo maneno yasiyomo kwenye ratiba. Nasema, Mwajabu, nilikaa. Nilikunywa.